Mlio wa Gia ya Pili

Kaka yangu Kaz alipigwa na kiharusi mwezi wa pili, akiondoa theluji mlangoni kwake. Alipopata sauti hospitalini hakuuliza kama atapona. Aliuliza nani atakuwa anawasha gari lake.

Gari lenyewe ni Chevelle ya mwaka sitini na tisa, ya bluu, yenye injini kubwa kuliko akili ya mtu anayeinunua. Kaz aliinunua akiwa na miaka ishirini na moja. Mimi, Loretta, ni dada yake, tena mdogo wake wa pekee. Naishi mitaa miwili kutoka kwake, hapa hapa mjini Wyandotte, na gari lile nimelijua kwa sikio kabla ya kulijua kwa macho. Giaboksi yake ilikuwa ya gia nne za mkono, ya aina ile ambayo meno yake hukatwa karibu kunyooka ili yahimili nguvu, na kwa sababu hiyo hulia. Wenyewe huiita kisaga-mawe. Kaz alipokuwa akiingia mtaani kwetu kwa gia ya pili, mama aliweza kuusikia mlio ule akiwa jikoni na redio imewashwa. Alikuwa anasema tu, "Weka sahani nyingine," na kweli, kabla sijaifuta sahani, Kaz alikuwa mlangoni.

Siku ya kulinunua gari, Kaz alikwenda na Lyle Hutchens. Ukimtaja Kaz lazima umtaje Lyle. Walisimama kwenye mashine moja ya kupiga mabati miaka ishirini na sita, Lyle akamsimamia Kaz harusi yake, na kiwanda kilipofungwa Lyle akafungua karakana ya kutengeneza giaboksi kwenye barabara ya Fort. Hakuna bolti ya Chevelle ambayo mkono wa Lyle haukuigusa. Alikuwa na gari lake pia, Camaro nyeusi, lakini kila mara alisema mbele za watu, "Langu ni zuri. La Kaz lina roho."

Kaz alirudi nyumbani mwezi wa tatu. Mkono ulikuwa umerudi, maneno yalikuwa yamerudi, ila mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta. Na mguu wa kushoto ndio wa klachi.

Alichofanya ni hiki. Alichukua kipande cha ubao, akakifunga bawaba, akaweka chini yake springi ya mlango wa banda la gari, akakipigilia jikoni chini ya meza. Pedali ya mazoezi. Asubuhi akinywa kahawa anakanyaga, mchana akila anakanyaga, na usiku Noreen mkewe akitazama televisheni sebuleni alikuwa anausikia ubao ukigonga sakafu. Mwezi wa nne aliweza mara kumi mfululizo. Mwezi wa tano, mara arobaini.

"Arobaini, Loretta!" alinipigia simu. "Mwezi wa sita natoka."

"Hongera, kaka. Na kunyanyua je?"

"Kunyanyua nini?"

"Mguu. Kukanyaga ni nusu ya kazi."

"Wewe toka lini ukawa daktari?" akasema, akakata simu akicheka.

Noreen hakuwa anacheka. Ni mwanamke mtaratibu, alipika shule ya msingi miaka thelathini, hana tabia ya kugombana. Alikuwa ananiambia tu kwa sauti ndogo, "Wifi, ubao ule unaniua."

Katikati ya mwezi wa tano Kaz alimpa Lyle funguo. Alitaka gari lipelekwe karakana, limwagwe mafuta ya zamani, liwekwe mapya, liwe tayari kumngoja. Zikapita wiki mbili. Kisha Lyle akaja jioni moja, mimi nikiwa pale nimepeleka supu, ameshika sahani ya bati ya kuokea keki. Ndani ya sahani mlikuwa na vipande vya chuma: meno ya gia, mengine mazima, mengine yamemeguka katikati.

"Kaa, mzee wangu," Lyle akasema.

"Nimekaa. Siku hizi sifanyi kingine."

"Gia ya tatu imekwisha. Shafti imekwenda nayo. Na kava lake limepasuka kutoka huku mpaka huku." Alionyesha kwa kidole hewani. "Nilikuwa nalijaribu barabarani, nikasikia mlipuko. Sikuendesha kwa fujo, Kaz. Naapa."

Kaz alichukua jino moja akaligeuza mkononi.

"Kava liko wapi?"

"Nimeshalipeleka kwa chuma chakavu."

"Bila kuniuliza?"

"Ungefanya nalo nini? Ungelizika?"

Noreen alikuwa amesimama kwenye sinki, ametugeuzia mgongo. Alifungua maji ingawa hapakuwa na chombo cha kuosha. Jambo hilo nililiona kwa macho yangu wala sikulifikiria.

Kaz hakulia mbele yetu. Alirudisha lile jino kwenye sahani, akasema, "Basi tutafute nyingine ya gia za mkono."

"Kama ile? Utangoja mwaka. Na ukiipata, Kaz, sikiliza. Mimi ni rafiki yako, si daktari wako. Huu si wakati mzuri wa kuweka otomatiki? Mguu mmoja tu. Unakanyaga mafuta, unakanyaga breki, umemaliza. Mwezi wa sita ulisema utatoka. Utatoka."

Kaz akatazama chini ya meza, kwenye ubao wake.

"Otomatiki," alisema, kama mtu anayetaja jina la mwanamume aliyetoroka na mkewe.

Lakini kaka yangu ni mtu wa vyuma. Ukimnyima kitu, mpe kingine cha kukokotoa. Kufika Jumapili alikuwa ameijaza meza ya jikoni karatasi. Lyle alikuwa anamvuta kwenye giaboksi nzito ya gia tatu, ile iliyokuwa ikiwekwa kwenye magari hayo enzi zake. "Hiyo hata ukiifunga kwenye lori la takataka haivunjiki," alisema.

"Gia tatu, na difu langu lilivyo fupi?" Kaz akamjibu. "Nikifika maili sabini kwa saa injini itakuwa inapiga kelele mizunguko elfu tatu na mia tatu. Safari yoyote ya mbali nitafika nimekuwa kiziwi."

"Basi chukua ile kubwa ya kisasa. Gia nne, na ina nguvu."

"Ile inaendeshwa na kompyuta."

"Kompyuta ndogo tu, bwana. Kama sanduku la sigara."

"Sitaki kitu chenye waya kinifikirie. Nina daktari, nina mke, nina dada. Wananitosha."

Tulicheka wote, hata Noreen. Mwishowe Kaz alichagua ya tatu: gia nne, ya nne ikiwa ile ya kupumzisha injini safarini, isiyo na kompyuta, inayoongozwa na kebo inayotoka kwenye kabureta. Ndani yake ilikuwa imeimarishwa kwa klachi za ziada. Uzuri wake mwingine, urefu wake ulikaribiana na wa ile nzito, kwa hiyo matundu ya kufungia chuma cha kuibeba yalikuwapo tayari chini ya gari, na propela haikuhitaji kukatwa sana. Alimweleza Lyle yote hayo kwa kidole juu ya karatasi, macho yanang'aa. Nilimwona kaka yangu wa zamani. Nikamshukuru Lyle moyoni.

Gari lilivutwa likarudi kwa Kaz, wakaifunga bandani kwake, Jumamosi tatu za mwezi wa sita. Nilikuwapo zote. Lyle alilala chini, Kaz alikaa kwenye kiti cha chuma akitoa spana na amri. Jumamosi ya kwanza walitoa flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini, wakaweka bamba jembamba la otomatiki. Ya pili waliingiza konveta, lile duara linalobeba mafuta kati ya injini na giaboksi, na hapo Kaz alikataza mtu mwingine asiiguse. Alipiga magoti kwa shida, akaizungusha kwa viganja polepole, akisikiliza. Ikagonga mara moja. Ikagonga tena.

"Imeingia," Lyle akasema.

"Bado. Ngoja ya tatu. Ukiifunga hapa utaua pampu."

Akazungusha. Ikagonga ya tatu. Kaz akatabasamu kama mtu aliyesikia mtoto akiongea.

Jumamosi ya mwisho Lyle aliirekebisha ile kebo, maana ikilegea hata kidogo giaboksi haijui umekanyaga mafuta kiasi gani, na klachi zake huungua kabla hujafika mwisho wa wiki. Kisha akaja na msumeno wa kuondoa pedali ya klachi. Kaz akamwambia aache, aifungue kwa bolti. "Usiikate. Huikati mbele yangu." Lyle akaifungua, akaiweka kwenye rafu, hakumtazama.

Walipotoka mara ya kwanza, Kaz akiendesha, Noreen alisimama uwanjani akilia. Nikamkumbatia. Nilidhani ni furaha, na huenda kwa sehemu ilikuwa furaha. Gari lilipita mbele yetu, likabadili gia lenyewe bila mshtuko wowote. Lilikuwa kimya. Kaz alirudi, akazima injini.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Inakwenda," alisema. Kisha, "Inakwenda vizuri sana." Na usiku ule aliung'oa ubao jikoni.

Sasa, hapa kwetu Jumamosi za kiangazi watu wenye magari hayo hukutana kwenye uwanja wa mkahawa mmoja wa soseji. Wanafungua maboneti, wanakaa kwenye viti vya kukunja, wanadanganyana. Kaz alikwenda kila wiki. Walimtania kwamba amekuwa bibi kizee, mguu mmoja unafanya kazi na mwingine unasikiliza muziki. Alitania nao. Lyle naye alikuja, lakini kwa gari la kazi. Camaro, alisema, imefunguliwa, anabadilisha klachi. Mwezi wa saba klachi. Mwezi wa nane bado klachi.

"Wewe ni fundi au ni seremala?" Kaz alimuuliza. "Klachi miezi miwili!"

"Wateja, bwana. La kwangu linangoja."

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa tulikuwa pale, mimi, Kaz na Noreen. Noreen alikuwa amekwenda kwenye dirisha la mkahawa kuchukua maji ya limau. Kaz alikuwa katikati ya hadithi, mkono hewani, na akanyamaza. Mkono ulibaki pale pale.

Nilidhani ni kiharusi tena. Nikainuka.

"Nyamaza," akaniambia, ingawa sikuwa nimesema kitu.

Nami nikausikia. Ulitoka upande wa barabara ya Biddle, ukipanda, ule mlio mwembamba juu ya ngurumo ya injini, kama mtu anayevuta kisu juu ya jiwe bila kuacha. Gia ya pili. Nilikuwa na miaka sitini na moja, na kitu cha kwanza kilichokuja kichwani ni sahani.

Camaro nyeusi ikaingia uwanjani. Lyle alikuwa na mkono mmoja nje ya dirisha. Nadhani hakutegemea kutuona. Siku ile Kaz alikuwa na miadi kwa daktari wa macho, ikaahirishwa. Lyle alizima injini haraka mno.

Kaz alimwendea akiegemea fimbo yake ya kutembelea.

"Umemaliza klachi," alisema.

"Ndiyo. Hatimaye!" Lyle alicheka. "Karibu, mzee wangu."

"Inalia."

"Zote zinalia, Kaz. Nilipata moja kama yako, Ohio. Nilitaka kukwambia."

"Hazilii zote hivyo."

Kaz akaiegesha fimbo kwenye mlango wa Camaro. Akashika kioo cha pembeni, akashuka goti moja, likafuata la pili, akalala chali juu ya lami. Mtu wa miaka sitini na minne, mguu mmoja kama gogo. Nilimkimbilia akanisukuma kwa mkono. Lyle alikuwa anasema, "Kaz, inuka. Kaz, utaumia, inuka, tuongee." Watu walianza kusogea. Kaz alijivuta chini ya gari kwa mabega, akawasha taa ya simu.

Giaboksi za magari hayo hupigwa muhuri wa nambari, tarakimu za mwisho za nambari ya gari lililozaliwa nazo kiwandani. Kaz aliijua nambari yake kama unavyojua siku ya kuzaliwa kwa mwanao. Tulimsikia akiisoma kutoka chini, tarakimu moja moja, kwa sauti ya darasani. Alipofika mwisho hakutoka. Viatu vyake tu ndivyo vilivyoonekana.

Mzee mmoja alivua kofia yake, sijui kwa nini.

Tulimvuta nje watu wawili. Mgongo wa shati ulikuwa mweusi wa mafuta. Alimtazama Lyle.

"Yale meno?"

"Ya giaboksi nyingine. Ya mteja."

"Na kava lililopasuka?"

"Kaz..."

"Uliniletea kwenye sahani ya keki. Ukaniambia nikae."

Lyle alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alitazama huku na huku, akaona watu, na hapo ndipo alipofanya ambalo sijaweza kumsamehe, kubwa kuliko wizi wenyewe. Alinyoosha kidole nyuma yetu.

"Muulize Noreen," alisema. "Muulize mkeo nani alinijia akilia. Mimi nilifanya nilichoombwa."

Noreen alikuwa amesimama na glasi tatu za maji ya limau kwenye trei ya karatasi. Hakukana. Alisema tu, "Sikujua ameiweka kwenye gari lake. Kaz, hilo sikulijua, naapa."

Kaz alichukua fimbo, akaenda kwenye Chevelle. Nilimwendea, akaniruhusu niingie. Noreen alirudi nyumbani na jirani.

Yaliyosemwa jikoni kwao jioni ile niliyasikia kwa sababu Kaz aliniambia nikae. "Nataka shahidi," alisema, na neno hilo lilimkata Noreen, niliona.

Noreen alieleza. Mwezi wa tano alikwenda karakana kwa Lyle, akamwomba atafute njia yoyote, Kaz asiendeshe kwa klachi. Daktari alikuwa amemwambia yeye, kando, kwamba mguu ule hautarudi sawasawa. Lyle ndiye aliyesema, "Niachie mimi. Nitamwambia imevunjika." Noreen akakubali. Alidhani giaboksi iko salama juu ya rafu, na kwamba siku moja, mambo yakitulia, watamwambia na watacheka.

"Tungecheka," Kaz akasema.

"Nilikuwa naogopa utakufa."

"Daktari alikwambia wewe. Mguu wa nani?"

"Wako."

"Ungeniambia ningelia siku moja. Labda wiki. Halafu ningechagua. Mlinikalisha hapa, nikachora, nikapiga hesabu, nikajiona bado mwanamume, kumbe mlikuwa mmeshachagua ninyi. Mlikuwa mnanitazama nikicheza."

Noreen aliweka uso mezani. Sikumgusa. Ni wifi yangu, nampenda, lakini sikuweza.

Lyle aliileta giaboksi Jumatatu kwa gari la kazi. Alikuwa ameisafisha mpaka inang'aa. Kaz alimfungulia mlango wa banda, akamwonyesha kwa fimbo mahali pa kuiweka. Lyle akaishusha kwa winchi, akasimama akikausha mikono isiyokuwa na maji.

"Haikuwa kwa ubaya mwanzoni," alisema. "Ilikuwa sakafuni kwangu, imekaa tu. Kila siku naipita. Ningekurudishia, Kaz. Nilitaka nisikie mara moja tu iko kwangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nakaa kiti cha abiria."

Kaz alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akabonyeza kitufe, na mlango wa banda ukaanza kushuka kati yao. Lyle alilazimika kurudi nyuma hatua moja. Hawajaongea tena mpaka leo.

Wiki moja baadaye Kaz alinijia. Mimi nina pikapu ndogo, ya zamani, gia za mkono.

"Nipeleke uwanja wa ile shule iliyofungwa," alisema.

Alikaa kwenye usukani, akakanyaga klachi, akaingiza ya kwanza. Tuliondoka vizuri. Ya pili, vizuri. Akasimama, akaondoka tena, akanitazama kwa ushindi. Mara ya tatu alipotaka kusimama, mguu haukuja. Alikuwa ameunyanyua kichwani mwake tu. Ulibaki umelala sakafuni kama wa mtu mwingine, pikapu ikaruka kuelekea kwenye uzio, nami nikavuta breki ya mkono. Injini ikazimika. Uzio ulikuwa hatua mbili mbele yetu.

Aliushika mguu kwa mikono miwili, akauweka kando ya klachi.

"Walikuwa sahihi," alisema.

"Kuhusu mguu, ndiyo."

"Kama wangekuwa wamekosea, Loretta, ningejua la kufanya. Ningeirudisha giaboksi, ningempitia Lyle mbele ya karakana yake kwa gia ya pili kila asubuhi. Sasa nifanye nini? Nimshukuru?"

Tulibadilishana viti.

Kisaga-mawe iko kwenye kona ya banda lake, imefunikwa turubai. Chevelle inatembea na ile otomatiki, na kazi waliyoifanya ilikuwa kazi safi, hata Kaz anakiri, haijavuja tone. Yeye na Noreen wanakula meza moja. Wanaenda kanisani. Anamfungulia mlango wa gari kama zamani. Lakini mwezi uliopita niliwapeleka kwa daktari wa Kaz, na muuguzi alipotoka kumwita, Noreen aliinuka na mkoba wake, kama alivyofanya kila mara tangu siku ya theluji.

"Wewe kaa hapo," Kaz akamwambia, bila ukali. "Nitasikia mwenyewe."

Aliingia peke yake, akaburuta mguu, akaufunga mlango. Noreen alibaki amesimama katikati ya chumba na mkoba mkononi, mpaka nikamsogezea kiti.